HATUNA NYENZO? TUANZE NA WENZO MMOJA

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Katika ofisi zetu, katika mikutano yetu na hata katika vijiwe vyetu vya kahawa, liko neno moja ambalo halikosekani midomoni. Neno hilo ni nyenzo. Mkuu wa idara akiulizwa kwa nini kazi fulani haikufanyika, hujibu kwamba hana nyenzo. Kamati ya mtaa ikiulizwa kwa nini mtaro umeziba tangu masika, hujibu kwamba haina nyenzo. Kijana naye, ukimkuta ameketi barazani saa nne ya asubuhi, atakwambia vivyo hivyo: ningefanya kazi, mzee, ila nyenzo sina.

Neno hili tumelitumia mno hata tumesahau maana yake ya kwanza. Nyenzo ni wingi wa wenzo. Na wenzo si jambo la fedha wala la wafadhili. Wenzo ni mti, au chuma, uliolazwa juu ya egemeo ili mwenye nguvu kidogo apate kuinua mzigo mkubwa. Mtaimbo unaong'oa jiwe shambani ni wenzo. Kasia la mvuvi ni wenzo. Kile kidude cha kufungulia chupa ya soda nacho ni wenzo. Kwa hiyo mtu asemaye hana nyenzo, tukilifuata neno lenyewe mpaka mwisho, anatuambia kwamba hana hata mti mmoja na jiwe la kuuegemezea. Je, kweli tumefikia hapo?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya wenzo mmoja ambao mimi na watoto wangu tuliutengeneza uani kwa Jumamosi mbili, na juu ya mambo ambayo wenzo huo ulitufundisha. Nitaeleza vipimo vyake pia, ili mzazi mwenye hamu apate kuujaribu.

Binti yangu ana miaka 12. Jioni moja alikuwa akijisomea kwa sauti somo la mashine rahisi. "Wenzo una sehemu tatu: egemeo, mzigo na jitihada." Alilisema mara kumi bila kukosea. Wakati huo huo mkokoteni ulikuwa ukipita barabarani umesheheni magunia ya mkaa, na mwenyewe akiusukuma kwa mikono iliyolegea kana kwamba amebeba kapu la mchicha. Nikamwuliza binti yangu: je, kwenye mkokoteni ule egemeo liko wapi? Akautazama mkokoteni, akanitazama mimi, kisha akasema kwa unyofu: "Baba, mkokoteni hatujafundishwa."

Ndugu wasikilizaji, simlaumu mtoto, wala simlaumu mwalimu wake. Mwalimu mwenye watoto waliojaa mpaka mlangoni, na chombo chake ni chaki peke yake, hana budi kusema na watoto wakamfuatisha. Lakini jibu lile lilinikaa moyoni. Egemeo la mkokoteni ni ekseli yake. Msukuma mkokoteni huyasogeza magunia mbele na nyuma mpaka pande mbili zipatane, na ndipo mishikio huwa myepesi mikononi mwake. Mtu yule ni mtaalamu wa nyenzo, ingawa hakuna aliyepata kumpa cheti. Na mtoto mwenye cheti cha kesho anampita kila siku njiani bila kujua kwamba somo lake linasukumwa pale barabarani.

Basi nikaona heri tutengeneze wenzo ambao hauwezi kukaririwa, wenzo ambao ukiukosea unakujibu papo hapo.

Mtambo tuliouchagua ni wa kale sana. Waarabu waliuita manjaniki, na Wafaransa wakauita trebusheti. Tusiuchanganye na manati, ambayo kila mtoto wa kiume mtaani anaijua. Manati hutumia mpira unaovutwa, lakini manjaniki hutumia uzito. Ni mti mrefu uliotobolewa na kupitishwa ekseli, upande mmoja ukiwa mfupi na wa pili mrefu. Upande mfupi huning'inizwa uzito mkubwa. Upande mrefu hufungwa kombeo lenye kitu cha kurushwa. Uzito ukiachiwa huanguka hatua ndogo tu, lakini ncha ya upande mrefu hufagia duara kubwa kwa kasi, na kombeo lililofungwa pale nchani huongeza kasi hiyo mara nyingine. Ndipo kile kilichomo ndani huchomoka na kuruka.

Watu wa kwanza kutumia miti ya namna hii walikuwa Wachina, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wakati huo uzito haukuwapo. Kundi la watu lilishika kamba za upande mfupi na kuvuta kwa pamoja. Ile ya uzito ilikuja kuenea katika karne ya 12 kwenye nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Mwandishi mmoja aitwaye Mardi al-Tarsusi aliieleza katika kitabu cha silaha alichomwandikia Sultani Salahuddin, yapata mwaka 1187. Mwaka 1273, Wamongoli wa Kublai Khan waliokuwa wameuzingira mji wa Xiangyang huko China kwa miaka mitano, waliupata baada ya kuleta mafundi wawili Waislamu kutoka magharibi, Ismail na Alauddin, waliowajengea manjaniki kubwa. Kitabu cha Marco Polo kinadai kwamba kazi ile ilikuwa ya Marco mwenyewe pamoja na baba yake na ami yake. Lakini miaka inakataa, maana mji ulipoanguka Marco Polo alikuwa hajafika China. Ndivyo dunia ilivyo, fundi hutoka jasho na msafiri akapokea sifa.

Sasa nije kwenye uani wetu.

Vitu vyetu vingi havikutoka dukani. Kwa fundi seremala wa mtaani tulipewa mabaki ya mbao za mbili kwa mbili. Kwenye nyumba inayojengwa jirani tuliomba kipande cha nondo kwa ajili ya ekseli. Nyumbani tulikuwa na dumu la lita 5 lililopasuka mdomo, kamba nyembamba, na suruali ya jinzi iliyokwisha magoti. Tulichonunua ni nusu kilo ya misumari ya inchi tatu. Msumeno, nyundo na keekee tuliazima kwa fundi yule yule, kwa sharti kwamba virudi kabla ya magharibi.

Tulianza na miguu. Kila upande tuliunganisha mbao mbili zikakutana juu na kuachana chini, mfano wa herufi A, na tukazikaza kwa ubao wa chini na ubao wa katikati. Pande hizo mbili tukazisimamisha sambamba, zikiachana kiasi cha shubiri mbili, na kuziunganisha chini ili zisiyumbe. Ekseli ilikaa juu, sentimita 75 kutoka ardhini. Kisha tukachukua ubao mwembamba mnyoofu, urefu wake sentimita 125, tukautoboa sentimita 25 kutoka mwisho mmoja. Hapo upande mfupi ukawa 25 na upande mrefu 100, yaani mmoja kwa minne. Kipimo hicho si lazima kiwe hicho hicho, lakini ni pazuri pa kuanzia.

Kwenye upande mfupi tulilining'iniza dumu lenye mchanga wa kilo tatu, na tukahakikisha kwamba likishuka mpaka chini haligusi ardhi. Kwenye ncha ya upande mrefu tulipigilia msumari, tukaukata kichwa, ukabaki umechomoza kama kidole. Kombeo tulilitengeneza kwa kipande cha jinzi cha ukubwa wa kiganja, na kamba mbili za kama sentimita 80 kila moja. Kamba ya kwanza ilifungwa moja kwa moja kwenye ubao. Kamba ya pili ilifungwa pete ndogo ya waya, na pete hiyo ikavikwa tu kwenye kile kidole cha msumari. Siri yote ya mtambo iko hapo. Ubao ukifika juu, pete huteleza na kuchomoka, kombeo hufunguka, na mpira huenda zake. Mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyofungwa na mchanga kidogo ndani, ukubwa wa ndimu.

Binti yangu ndiye aliyepima na kuchora mistari. Alipouchukua msumeno, mpita njia mmoja alisema kwa wema kabisa: "Mpe kaka, wewe utaumia." Kaka mwenyewe ana miaka tisa, na msumeno ulikuwa unamfika kifuani! Fundi seremala, aliyekuwa amekuja kuona mbao zake zinafanywa nini, alimgeukia binti akamwambia: "Endelea, mama. Usiusukume, uache ule wenyewe." Binti akakata. Ubao wa kwanza ulikwenda upande, wa pili ukanyooka, na wa tatu sikuweza kuutofautisha na wa fundi. Naomba wazazi wenzangu tulitafakari hilo. Ni mara ngapi tunampokonya mtoto wa kike nyundo kwa kumhurumia, kisha baada ya miaka kumi tunashangaa kwa nini mafundi umeme na wahandisi wa kike ni wa kutafuta kwa tochi?

Jumamosi ya pili ilikuwa ya majaribio. Tuliuchukua mtambo mpaka kiwanja cha wazi. Mara ya kwanza mpira ulipanda wima kama mwewe, ukatua karibu na pale ulipotoka. Watoto waliangua kicheko. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa binti. Akasema: "Pete imechomoka mapema." Akachukua koleo akaukunja msumari mbele kidogo ili pete ikawie. Mara ya pili mpira ulipigwa chini kama anayefua nguo, mita tatu mbele. "Sasa imechelewa." Akaunyoosha nusu ya alivyoukunja. Mara ya tatu mpira uliondoka ukiwa umeinama vizuri, ukaenda mita saba.

Hapo mdogo wake akapata tamaa. Alitaka tuongeze mchanga na kurefusha kombeo kwa pamoja ili mpira uende mbali zaidi. Dada yake akamkatalia. "Tukibadilisha viwili," alisema, "hatutajua ni kipi kilichofanya kazi."

Ndugu wasikilizaji, sentensi hiyo hakuifundishwa na mtu yeyote, wala hakuikariri. Aliipata kwa kuinama na kunyanyuka juani. Lakini hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mganga anayepima dawa mpya hufuata sheria hiyo. Bwana shamba anayelinganisha mbegu za mahindi hufuata sheria hiyo. Fundi magari hodari hubadilisha kitu kimoja, akawasha, akasikiliza. Fundi mbabaishaji hubadilisha vyote na kukuandikia gharama ya vyote.

Wakachukua daftari wakalipiga mistari: uzito, urefu wa kombeo, mkunjo wa msumari, umbali. Kila jaribio likaandikwa, hata lililoharibika. Kufika jioni, kwa kilo nne za mchanga na kombeo lile lile, mpira ulikwenda mita 12. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mtambo ukiwa begani, binti yangu alisema bila kuulizwa: "Baba, yule wa mkokoteni akiweka magunia yote upande wa pili wa ekseli, mishikio itambeba yeye, au siyo?" Nikamwambia ndiyo. Akatembea hatua kadhaa, akaongeza: "Basi egemeo lake ni ekseli." Sikuona sababu ya kuongeza neno.

Sasa ziko hoja mbili ambazo ni haki nizijibu.

Ya kwanza ni ya jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu. Alisimama upande wa pili wa uzio akatutazama kwa muda, kisha akaniambia: "Bwana mwandishi, wenzao wako tuisheni. Mtihani hautauliza habari za mabanzi." Sikumjibu kwa mzaha, maana anasema kweli kwa upande wake. Ana watoto wanne, kipato chake ni kidogo, na kila senti anayolipa tuisheni anaitoa kwenye sahani yake mwenyewe. Anajua kwamba kwa mtoto wa mtu wa chini, mtihani ni mlango, na mlango ukifungwa haufunguki kwa hadithi. Mzazi wa namna hiyo hastahili kudharauliwa.

Lakini nilimwuliza: mtoto aliyejaa majibu akikutana na swali ambalo halikuandikwa kitabuni, atafanya nini? Sisi tulio kazini tunajua kwamba maisha hayatungi maswali kutoka kitabuni. Pampu ya maji ikigoma, haitoi majibu manne uchague moja. Wala simwambii mtu aache tuisheni. Nasema Jumamosi moja katika mwezi mtoto ashike kitu, akivunje, akiunde, aone kinavyokataa na kinavyokubali. Jirani yangu alitikisa kichwa. Hata hivyo, wakati tunazungumza, kijana wake alikuwa amekwisha kuruka uzio, na anachota mchanga kwa kopo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na ilitoka kwa mtoto wa miaka tisa. Nilikuwa nawasimulia habari za kuta na mawe, nikaona macho yake yanang'aa. Kisha akauliza: "Baba, na wale waliokuwa ndani ya ukuta?"

Manjaniki ilikuwa silaha. Huwezi kumpa mtoto umbo lake ukamficha kazi yake. Nikaona nisimfiche. Nikawasimulia kisa cha ngome ya Stirling, huko Scotland, mwaka 1304. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliizingira ngome hiyo kwa miezi kadhaa. Mafundi wake wapatao hamsini wakamjengea manjaniki kubwa iliyopewa jina lenye maana ya Mbwamwitu wa Vita. Kabla haijarusha hata jiwe moja, watu wa ngomeni walikubali kushindwa, wakaomba kutoka kwa amani. Mfalme alikataa. Aliwaamuru wakae humo humo mpaka kwanza auone mtambo wake ukifanya kazi. Mawe yakarushwa, ukuta ukavunjwa, na baada ya hapo ndipo akaupokea utii wao.

Watoto walinyamaza. Kisha yule mdogo akasema: "Sasa kama walikuwa wamekwisha kukubali, alirusha ya nini?"

Mimi kazi yangu ni kusoma habari. Maneno kama makombora, mashambulizi na mji kuzingirwa nimeyatamka redioni kwa miaka mingi, mara nyingine nikiwa nakimbizana na saa, na baada yake yakafuata matokeo ya mpira na hali ya hewa. Nakiri kwamba katika miaka yote hiyo sijapata kusikia swali lililoichambua vita vizuri kuliko lile. Alirusha ya nini? Alirusha kwa sababu mtambo ulikuwa umekwisha kujengwa, fedha zimetumika, na mwenye nguvu hapendi chombo chake kilale bila kazi. Mafundi walikuwa hodari, mbao zilikuwa imara, hesabu zilikuwa sahihi, na bado kazi yote ile ilikuwa ya aibu.

Kwa hiyo katika uani wetu tulitunga sheria, na binti akaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: mtambo huu haulengi chenye roho, awe mtu, kuku, paka au ndege. Shabaha yetu ni tairi kuukuu. Naamini kwamba ufundi na maadili hufundishwa siku moja, kwa mkono mmoja. Tukimpa mtoto ujuzi leo na kumwahidi utu kesho, huenda kesho hiyo tusiwahi kuiona.

Nieleze na tahadhari, maana nisingependa kusikia kwamba mtoto ameumia kwa ajili ya mazungumzo haya. Mtu mzima ndiye avute kamba ya kuachia, na asiwepo mtu mbele ya mtambo wala nyuma yake, kwa sababu pete ikichomoka vibaya mpira huweza kurudi nyuma. Kabla ya kupakia, ubao ufungwe kwa kigingi usiweze kufyatuka, na hakuna kuinamisha kichwa juu yake. Upande mfupi wenye dumu nao uogopwe, maana unashuka kwa nguvu na vidole vya mtoto ni laini. Uzito usizidi kilo tano. Virushwe vitu laini tu, yaani mipira ya matambara, kamwe si mawe wala chupa. Na moto usitajwe kabisa. Katika ngome ya Warwick, Uingereza, ilijengwa manjaniki mwaka 2005 kwa ajili ya watalii, yenye urefu wa mita 18 na uzito wa tani 22. Mwaka 2015, baada ya maonyesho ya kurusha mpira wa moto, cheche zinasemekana ziliwasha paa la nyasi la banda la zamani la boti kando ya mto. Ikiwa wenye zana na wataalamu wao yamewafika, sisi wenye vibanda vya mbao tukae mbali nayo.

Najua pia kwamba wengi wetu hapa mjini hatuna uani wa kujivunia. Tunapanga chumba kimoja au viwili, na uani ni wa wapangaji wote, wenye ndoo, majiko na kamba za nguo. Hilo lisikuzuie. Wenzo hauchagui nyumba. Chukua rula, penseli kwa ekseli, betri mbili kuukuu za tochi kwa uzito, na uzi kwa kombeo. Mtambo huo mdogo utarusha punje ya mahindi kutoka kitandani mpaka mlangoni, na sheria zake ni zile zile za mtambo mkubwa. Msumari ukinyooka mno, punje hupanda juu. Ukikunjika mno, punje hupigwa chini. Mtoto atauliza kwa nini, na hapo kazi imeanza.

Nchi yetu imelizungumza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeirudisha elimu ya amali kwa nguvu katika sekondari. Hayo ni mazuri, na tuyaunge mkono. Lakini kijana anayefika sekondari akiwa hajapata kushika nyundo ataiona amali kama adhabu ya walioshindwa masomo. Samaki mkunje angali mbichi. Heshima ya kazi ya mikono haianzi kwa waraka. Inaanza mtoto anapomwona baba au mama yake ameinama, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, na hana haya.

Zaidi ya hapo, iko faida ambayo haikuandikwa katika sera yoyote. Wengi wetu tunatoka nyumbani alfajiri kuwahi usafiri na kurudi watoto wakiwa wamelala. Tunawajua kwa ripoti zao za shule na kwa viatu vyao vinavyochakaa. Ukiwa umeshika upande mmoja wa ubao na mtoto ameshika wa pili, mtazungumza mambo ambayo sebuleni, runinga ikiwa imewashwa, hayatokei. Nilijua Jumamosi hizo mbili kwamba mtoto wangu mmoja ni mvumilivu kuliko mimi, na mwingine ana huruma kuliko ninavyomfikiria.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kusema hatuna nyenzo, tutazame kwanza kile kilicholala nyuma ya nyumba: ubao, kamba, dumu lililopasuka. Tumwite mtoto, wa kike kwa wa kiume, tumwekee msumeno mkononi na tumsimamie. Mtambo wake wa kwanza utarusha mpira juu ukamwangukia miguuni. Tusicheke sana. Tumwulize tu: unadhani ni kwa nini? Kisha tunyamaze, tumwachie nafasi ya kujibu.